Koili ya Silinda ya Tatu

Kasulu, Jumamosi alasiri

Mwanangu Godeliva,

Nimeandika jina lako, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Sasa nimerudi. Gereji nimeifunga mapema, watu wa kijiweni nimewaambia kichwa kinauma, na si uongo sana. Wewe uko Munanila kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka umalize togwa yote na ubebe na maharage. Utarudi na gari la jioni. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza. Kwa hiyo nina saa chache za kusema jambo lililonishinda miezi mitatu tukiwa tunakula sahani moja.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyamaliza. Ameyasema mara tatu, na mara ya nne ameyaandika kwenye karatasi akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, usije ukasema hukusikia. Mimi nina swali moja tu. Sielewi kama unakwenda kusomea mapishi kwa sababu unapenda kupika, au kwa sababu mimi nilikuambia uende jikoni.

Nimelifikiria kila namna. Siku nyingine najiambia, huyu mtoto tangu zamani chapati zake ni laini kuliko za mama yake, acha akasome. Siku nyingine nakumbuka ulivyojaza ile fomu ya chuo, ulivyopiga mstari kwenye umeme wa magari ukaandika mapishi, ukanisogezea nisaini bila kuniangalia usoni. Nikasaini. Hata sikuuliza. Fundi gani huyo anayesaini bila kufungua boneti?

Basi nianze pale tulipoharibikiwa.

Unaikumbuka siku ile vizuri kuliko mimi, lakini nataka nikuandikie mimi nilivyoiona, ili ujue kwamba niliiona. Mwalimu Mwanaidi alifika kutoka Kibondo na lile gari lake dogo jeupe. Alishuka akiwa amechoka, ushungi umejaa vumbi, akasema kwa ile sauti yake ya Tanga, "Fundi, mie gari yangu imenisusa. Vilima vya huku Makere nimevipanda kwa gia ya kwanza, malori yananipita, hata baiskeli yenye mkungu wa ndizi imenipita. Na taa ya injini inawaka tangu juzi."

Watu wa kijiweni wakacheka. Mimi nikacheka nao, maana ugonjwa nilishaujua kabla hajamaliza kusema. Nililala chini ya gari, nikafungua ile sensa ya mbele inayopima moshi kwenye bomba ili hewa ipate pa kutokea, nikamwambia azungushe mtaa mmoja. Akarudi anatabasamu, gari linavuta. Basi, jibu hilo hapo. Moshi ulikuwa haupiti. Masega yameziba. Lile kopo la kusafishia moshi katikati ya bomba, ambalo ulipokuwa darasa la sita ulilichungulia ukaniambia, "Baba, humu ndani nyuki wamehama," lilikuwa limeyeyuka na kuziba. Hilo nililipata sawasawa na mpaka leo nalisimamia.

Nikaenda kuchukua tindo na nyundo.

Ndipo ukatoka wewe na simu yako, na kile kidude chako cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma hitilafu za injini. Ulisema taratibu, wala hukunivunjia heshima. Ulisema, "Baba, yameziba, sikatai. Ila ona hapa. Silinda ya tatu inamisi. Masega hayafi yenyewe. Kuna kitu kinayaua, na hicho kitu bado kipo. Tuangalie plagi na koili kwanza."

Ningeweza kusema, haya, tuangalie. Ni dakika kumi. Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, inatoka kwa boliti moja. Lakini kijiwe kizima kilikuwa kinanisubiri, na Mwalimu alikuwa ameanza kukuangalia wewe badala ya mimi. Sijui ni kitu gani kiliniingia. Kweli sijui, nimejiuliza sana. Nikasema, "Simu haijawahi kulala chini ya gari. Nenda jikoni kamsaidie mama yako, huku kuna kazi za watu."

Wakacheka. Yule wa boda akapiga makofi akasema, "Mzee kamaliza!" Wewe ulichomoa kidude chako, ukaifuta mikono kwa tambara, ukavua ovaroli ukaitundika kwenye msumari. Hukuikunja wala hukuitupa. Uliitundika vizuri. Hilo ndilo lililoniuma, ingawa siku ile nilijifanya sijaona.

Nikakata bomba, nikavunja masega yote kwa nondo, nikayamwaga kwenye ndoo, nikachomelea kopo tupu mahali pake. Mwalimu akapanda gari akaondoka kama risasi. Wote wakashangilia. Na wewe ulikuwa unamenya viazi.

Sasa nikuambie kwa nini nayachukia masega, maana sikuwahi kukueleza, na labda ukijua utanielewa kidogo, au utanicheka, yote sawa.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, mimi nilipata kazi kwenye gereji moja Kibondo iliyokuwa ikitengeneza magari ya mashirika. Wewe ulikuwa mdogo. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Mbuyi, Mkongo, mtu mwenye mikono ya ajabu na mdomo wa ajabu zaidi. Siku moja nikatumwa kurudisha gari moja kambini. Lilikuwa linatetemeka likisimama, linatetemeka likienda, na mlimani linalia. Mimi nikasema litafika. Likafika kweli. Nikaliegesha pembeni ya njia, juu ya nyasi, nikaingia kutafuta wa kumkabidhi ufunguo. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka kabisa.

Nilisikia watu wanapiga kelele. Nikatoka. Moto ulianzia chini ya gari, ukashika nyasi, ukaingia shamba la mahindi la mama mmoja mjane aliyekuwa amebakiza siku chache avune. Tulipiga moto kwa matawi, tukamwaga mchanga, mimi nikaingia kwenye gari nikalisogeza huku viatu vinanata kwa joto. Hakuna aliyekufa. Lakini lile shamba liliisha lote, na yule mama alisimama pale amejishika kichwa, hasemi kitu isipokuwa "Oya, oya, oya." Bibi yako husema hivyohivyo akipata msiba. Nilipochungulia chini ya gari, kopo la masega lilikuwa jekundu kama mkaa.

Fundi Mbuyi alikuja akaliangalia, akatikisa kichwa. "Unaona sasa? Ile kitu iko mubaya. Bazungu babaki nayo kwabo. Siye tunavunja, tunatupa, gari inapumua."

Na mimi nikashika neno hilo kama katekisimu. Tangu siku ile, kila gari lililokuja kwangu linakosa nguvu, nilivunja masega. Kibondo nimevunja, Mtendeli nimevunja kabla kambi haijafungwa, nilipohamia hapa Kasulu nikaendelea. Wateja walinipenda. Gari linaingia limechoka, linatoka linakimbia, nani ataniuliza? Hata walionirudia baada ya mwezi gari likitetemeka au likila mafuta kuliko zamani, niliona ni tatizo jipya. Nikatafuta dawa mpya. Sikuwahi kuunganisha.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini lile kopo lilipata moto namna ile. Wewe ndiye uliyeniambia, miaka yote hii baadaye, na hukuwa hata unazungumzia moto ule. Ulikuwa unaniambia habari za gari la Mwalimu. Silinda ikimisi kwa kukosa cheche, petroli haiungui ndani ya injini, inatoka mbichi, inakwenda kuungulia kwenye masega. Masega yanapata moto kuliko uwezo wake, yanayeyuka, yanaziba. Mimi nilikuwa nimesimama na tindo mkononi, nikakusikia, nikaelewa, na nikakufukuza. Nadhani nilikufukuza kwa sababu nilielewa. Au labda hapana. Mambo haya yakishafika ndani ya mtu hayana sensa.

Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nampiga aliyeibiwa, na mwizi namwacha anapita mlangoni.

Lakini Goda, sikiliza mahali ninapochanganyikiwa. Nilikosea, sawa. Mbona basi gari lilipona? Masega yalikuwa yameziba kweli. Nilipoyatoa, nguvu ilirudi kweli. Mwalimu aliniamini, na macho yake hayakumdanganya. Mtu akikosea na kazi ikaonekana imefaulu, atajuaje kama amekosea? Hili linanisumbua kuliko kosa lenyewe. Makosa yaliyolipuka nimejifunza kwayo, au nilidhani nimejifunza. Yale yaliyoshangiliwa ndiyo yamenizeesha nikiwa mjinga.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hulijui kabisa.

Wiki mbili baada ya siku ile, wewe ulikuwa Munanila kwenye kuvuna maharage. Mwalimu Mwanaidi akarudi. Safari hii hakushuka na mzaha wowote. Alikuwa na mwanawe mdogo amelala kiti cha nyuma, uso umepauka. Mtoto alitapika njia nzima kutoka Kibondo, na mama mwenyewe kichwa kilikuwa kinampasuka. Walifungua vioo vyote baada ya Makere ndipo wakapata nafuu. Nilinusa ndani ya gari nikajua. Kiungo changu cha kuchomelea kilikuwa kimepasuka, kwa sababu gari lilikuwa linatetemeka kila siku, na moshi ulikuwa unapanda kupitia tundu la kutu chini ya kiti cha nyuma. Pale alipokuwa amelala mtoto.

Nilimbeba yule mtoto nikamkalisha kwenye upepo, mama yako akamletea maji. Baada ya nusu saa akaanza kuomba biskuti, nikajua amepona. Mimi mwenyewe nilichelewa kupona. Ule moshi hauonekani, na mtoto aliyelala haombi kufunguliwa dirisha. Ingekuwa siku ya mvua, vioo vimefungwa, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani.

Mtoto alipokuwa anakula biskuti, nilifungua boneti. Peke yangu, kijiwe kilikuwa hakijajaa. Nilichomoa koili ya silinda ya tatu. Ilikuwa imepasuka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele, na kando ya ufa alama nyeusi ya moto. Dakika kumi, Goda. Boliti moja.

Nilibadilisha koili, nikabadilisha plagi zote, nikachomelea bomba upya na kuziba lile tundu la sakafuni. Gari likatulia, halitetemeki. Mwalimu akauliza, "Ilikuwa nini, fundi?"

Nikamwambia, "Mafuta, Mwalimu. Hawa wanaouza kwenye madumu wanachanganya na mafuta ya taa. Yanaharibu magari sana."

Nilisema hivyohivyo, bila kupepesa. Tena nikamshauri awe anajaza kituoni tu. Akanishukuru. Na ile koili niliifunga kwenye gazeti nikaisukumia nyuma ya boksi la gasketi, mahali ambapo hata wewe huwa hupekui. Siku tatu baadaye ukarudi kutoka Munanila na magunia ya maharage, ukaniamkia, ukaingia jikoni. Hukupita gerejini. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Kisha ikaja fomu.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilikuwa naona aibu, na ingekuwa kweli. Lakini kuna kingine, na sikipendi. Kulikuwa na raha kidogo kwamba hujui. Ilikuwa kama vile mimi bado ni fundi na wewe bado ni mtoto. Nilikuwa nikikuona unakaanga vitumbua nasema moyoni, tumetulia. Halafu usiku mama yako ananiuliza, "Mbona Goda hacheki siku hizi?" nami najibu ni mambo ya wasichana.

Alhamisi hii iliyopita nilishindwa. Mwalimu alipita kumchukua mumewe hospitalini, akasimama hapa kunisalimia. Mwanawe akanipungia mkono dirishani. Nikajikuta namwambia yote. Koili, ufa, madumu, uongo. Nikamwambia, "Binti yangu aliniambia mbele yako na mbele ya watu, na wewe ulimsikia. Alikuwa sahihi. Ningemsikiliza, mwanao asingevuta ule moshi."

Nilidhani atanitukana, na nilishajiandaa kuyapokea matusi. Akaniuliza, "Na binti mwenyewe umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi mimi umeniambia ya nini?" Akafunga mlango, kisha akashusha kioo. "Fundi, mie ni mwalimu. Mtoto akipata jibu sahihi halafu ukamkosesha, hajifunzi kwamba jibu lile si sahihi. Anajifunza kunyamaza."

Watu wa kijiweni walikuwepo, wamesikia. Nimewaambia na wao, mmoja mmoja, ili wasije wakasimulia vibaya. Yule wa boda amesema, "Dah, mzee, kumbe tulimcheka bure yule dada." Ndiyo, bure kabisa.

Kwa hiyo ndilo hilo. Ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi kuhusu silinda, kuhusu masega, kuhusu mpango wa kazi, na kuhusu namna ya kumwambia baba yako bila kumdhalilisha. Mimi nilikosea yote manne. Nilikuambia uende jikoni ili watu wacheke, siyo kwa sababu huko ndiko kuliko na kazi yako.

Sasa usije ukasoma barua hii kama amri nyingine. Naogopa hilo. Nimekuharibia chaguo moja, sitaki nikuharibie la pili. Nimeuliza chuoni kwa simu, wakasema wiki ya kwanza mwanafunzi anaweza kuomba kubadilisha fani kama nafasi ipo, na kwenye umeme wa magari nafasi bado zipo. Sikuwaambia jina lako. Kama unapenda mapishi, nenda kapike, na nitakula kila utakachopika na kujisifu mji mzima. Lakini kama unakwenda kwa sababu ya siku ile, basi siku ile ilikuwa ya uongo, na aliyeitengeneza ni mimi. Usijenge maisha yako juu ya kiungo changu kilichopasuka.

Unaona, hata ushauri wenyewe umenitoka vibaya. Nilitaka kukuambia kitu kimoja kizuri cha kuondoka nacho, kwamba mtu ajifunze kuuliza kwa nini kabla ya kukata, lakini nikijiangalia mimi sioni kama nimejifunza. Mimi nimekamatwa tu. Labda ndivyo watu wazima wengi tunavyojifunza, na tukizeeka tunaita busara. Sijui. Niliwaza nikifika umri huu nitakuwa na majibu ya kukupa kwenye sanduku. Ninayo maswali, na moja ni hili, nalo ni la kazi kabisa.

Baada ya kumwambia Mwalimu ukweli, nilimwomba aniachie gari nilirudishie masega yake, naye akalileta jioni ileile, yeye na mumewe wakarudi Kibondo na basi. Nimepata kopo zima kutoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililogongwa, nililigonga kwa nyundo ya mpira halikulia ndani, nikalimulika na tochi matundu yote yako wazi. Nikalifunga jana asubuhi. Gari linavuta vizuri, halimisi, halinuki. Mchana taa ya injini ikawaka tena. Nilichomeka kidude chako, nisamehe nilikitoa kwenye droo yako bila kuomba, na kwa mara ya kwanza nikakaa nikakisoma. Kinasema masega hayafanyi kazi. Sensa ya nyuma, inayopima moshi ukishapita masega, inacheza sawasawa na ya mbele, juu chini, juu chini, wakati najua ya nyuma inatakiwa itulie.

Sasa sielewi. Inawezekana masega niliyoyapata yalishachoka, yanaonekana mazima kwa macho tu. Inawezekana ni kiungo changu kipya, kina tundu dogo kabla ya sensa ya nyuma linavuta hewa na kuidanganya. Inawezekana ni kitu cha tatu nisichokijua. Zamani ningekwisha kukata. Leo ni siku ya pili nazunguka lile gari, na sijachukua tindo.

Mwalimu alipiga simu saa nane kuuliza limefikia wapi. Nimemwambia sijalipatia jibu, na kwamba yupo fundi mmoja ninayemsubiri, anarudi leo jioni na gari la Munanila, ila kesho anasafiri na huenda hataki tena kazi hii. Akasema atasubiri.

Ufunguo nimeuweka juu ya barua hii, kwenye sanduku lako. Kama hutaki kuligusa, uache hapohapo, nitaelewa na sitauliza. Kama unataka, niamshe hata usiku, maana safari hii mimi ndiye nitakayekushikia tochi.

Baba yako, ambaye amechelewa kukuona,
Zabroni